Fimbo, woka au kiti cha magurudumu: hesabu mikono kwanza

Siku mama yangu alipoletewa woka yake ya kwanza, kile kiunzi cha chuma cha kutembelea, nyumba nzima ilifurahi. Aliinuka, akaishika kwa mikono miwili, akatoka chumbani mpaka jikoni bila kugusa ukuta wala bega la mtu. Alipofika akajaza maji kwenye kikombe chake, kisha akasimama palepale anakitazama. Woka ilitaka mikono yote miwili, na kikombe nacho kilitaka mmoja. "Mwanangu," akaniita, "miguu nimeipata. Sasa haya maji yatafikaje kwenye kiti changu?"

Sikuwa na jibu siku ile, na ndiyo maana naandika haya. Tunapomtafutia mzee kifaa cha kutembelea huwa tunauliza kipi kitamfanya atembee vizuri. Tuulize pia: akishafika anakokwenda atafanya nini, na kwa mkono upi? Fimbo huchukua mkono mmoja. Woka huchukua yote miwili. Kiti cha magurudumu huirudisha mikono yote, lakini humshusha mtu kimo chake na mara nyingi humfungia baadhi ya milango ya nyumba yake mwenyewe. Nitavilinganisha vifaa hivi kwa kipimo hicho, kwa sababu mzee hatoki kitandani ili atembee tu. Anakwenda mahali kufanya jambo.

Anza na siku yake, siyo na kifaa

Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, na wenzake walitoa orodha ya mambo sita ambayo hadi leo wauguzi na madaktari huitumia kupima kama mtu anajitegemea: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kumudu kuzuia haja, na kula. Itazame vizuri orodha hiyo. Kutembea hakukupewa nafasi yake peke yake. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakatoa orodha ya pili, ya mambo ya kuendesha maisha: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, kumeza dawa kwa mpangilio na kushika pesa zake. Karibu yote hayo yanafanywa na mikono.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kaa na mzee muandike siku yake moja tangu anapoamka. Anashuka kitandani, anakwenda chooni, ananawa, anavaa, anafungua dirisha, anachukua dawa. Mbele ya kila jambo andikeni linataka mikono mingapi. Wekeni alama pale anapoumia, pale anapoogopa, na pale alipokwisha kuacha kabisa. Hayo aliyoyaacha myatafute kwa upole, maana wazee wengi hawasemi. Mama alikuwa ameacha kunywa maji mchana ili asilazimike kwenda chooni, na sisi tulidhani hasikii kiu.

Kuna pia jaribio dogo linalojulikana tangu 1991. Mzee anakaa kwenye kiti chenye mikono, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa. Unahesabu sekunde. Akitumia sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka ni ya kuangaliwa kwa makini. Mtu asimame karibu naye wakati wote. Mimi huangalia zaidi pale anapogeuka kuliko saa yenyewe, kwa kuwa kugeuka ndiko kunakofichua miguu isiyotii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wengi kati yao. Kifaa kisichomfaa mtu nacho huangusha.

Fimbo

Sifa kubwa ya fimbo ni kwamba inakuachia mkono mmoja. Unafungua mlango, unabeba kikombe, unashika simu. Ni nyepesi, inapita popote, na wengi huikubali bila kuona haya. Inamfaa mtu ambaye goti au nyonga ya upande mmoja inauma, au ambaye anayumba kidogo tu na anahitaji kitu cha kumkumbusha ardhi iko wapi.

Watu wengi huishika upande usiofaa. Mguu wa kulia ukiuma, fimbo inakaa mkono wa kushoto, na inatangulia pamoja na mguu mgonjwa. Hapo uzito unagawanyika kati ya mguu huo na fimbo, na misuli ya nyonga inayouma inapumzika. Ukiishika upande uleule wa ugonjwa, unauinamia mguu badala ya kuupunguzia. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza, na fimbo huandamana na mguu mgonjwa siku zote. Nako kuna mkono wa pili wa kushika reli, kama reli ipo.

Urefu wake pimeni mzee akiwa amevaa viatu anavyotembelea kila siku. Asimame wima, mikono ining'inie. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akiishika kiwiko kipinde kidogo tu. Fimbo ndefu humpandisha bega. Fupi humkunja mgongo. Nimeona wazee wakitembelea fimbo za kurithi, nzuri kwa kuzitazama, zinazowaumiza mabega mwaka mzima kwa sababu ya sentimita tano.

Lakini fimbo ina kikomo. Haikukusudiwa kubeba zaidi ya takriban robo ya uzito wa mwili. Dalili kwamba wakati wake umepita huiona kwenye ule mkono mwingine, uliotakiwa kuwa huru. Ukianza kutafuta ukuta, kisha mgongo wa kiti, kisha ukingo wa meza, basi mzee hana tena mkono huru. Anatumia mikono yote miwili, ila mmoja unashika vitu visivyotengenezwa kushikwa. Familia nyingi hukawia hapa kwa sababu mzee mwenyewe anasema, "Mimi bado nina fimbo yangu, niacheni." Msibishane naye. Mwonyesheni mkono wake uko wapi.

Fimbo yenye miguu minne midogo inasimama yenyewe ukiiachia, jambo linalomfaa sana aliyepata kiharusi na anayetumia upande mmoja tu. Ni nzito kidogo, na lazima miguu yote minne iguse chini kwa pamoja, kwa hiyo humsumbua anayetembea haraka. Magongo ya kwapani siyapendekezi kwa mzee. Yanataka mikono yenye nguvu na mizani nzuri, na ukiyaegemea kwa kwapa yanabana mishipa ya fahamu ya mkono.

Woka

Woka ya kawaida ni kiunzi cha chuma chenye miguu minne isiyo na magurudumu. Kwa utulivu, haina mpinzani. Anayeumwa miguu yote miwili, aliyetoka kwenye upasuaji wa nyonga, anayeogopa kila hatua, woka humpa uzio wa kutembea nao. Gharama yake ni kwamba lazima uinyanyue kila hatua: nyanyua, weka mbele, ingia ndani yake, nyanyua tena. Mwenye moyo dhaifu au pumzi fupi huchoka kabla hajafika. Mwenye kusahausahau hupoteza mpangilio huo katikati ya chumba. Na mwenye ugonjwa wa Parkinson, ambaye miguu yake huganda ghafla, huzidi kukwama kwa sababu kila kunyanyua ni kusimama upya.

Kwa hao, na kusema kweli kwa wazee wengi wa ndani ya nyumba, naona bora woka yenye magurudumu mawili mbele na miguu miwili ya mpira nyuma. Unaisukuma bila kuinyanyua, na ukiikandamiza miguu ya nyuma inakamata sakafu. Mwendo unakuwa wa mfululizo, unaofanana na kutembea kweli.

Kosa moja ninaliona kila mahali: mzee anataka kuinuka, anaikamata woka na kujivuta nayo. Woka inamfuata na kumwangukia. Mikono isukume kwanza viegemeo vya kiti, mwili uinuke, mizani itulie, ndipo mkono mmoja na kisha wa pili uhamie kwenye woka. Wakati wa kukaa ni kinyume chake: rudi nyuma mpaka miguu ihisi kiti, mkono mmoja uende kwenye kiegemeo, halafu wa pili, ndipo ukae.

Na sasa kikombe. Woka imekwisha kuichukua mikono yote, kwa hiyo mzigo lazima ubebwe na kitu kingine. Kuna mifuko ya kitambaa inayofungwa mbele. Inafaa kwa simu, miwani, dawa na chupa yenye kifuniko kinachobana, ila ikijazwa sana woka huinamia mbele. Kuna trei zinazopachikwa juu, ambazo zinafaa kwenye sakafu laini lakini humzuia mzee kuona miguu yake. Kuna aproni yenye mifuko mikubwa, ambayo mimi naipenda kuliko vyote hivyo. Mama alijaribu mfuko, akajaribu trei, kisha akaamua jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu alilifikiria: alitaka kiti kihamishiwe jikoni. Akawa anakunywa maji yake pale pale yanapomiminwa. Kikombe kilitoka mezani hadi mdomoni, na mikono yake ikawa miwili tena kwa sababu alikuwa amekaa. Tangu hapo, kabla ya kufikiria kifaa cha kubebea, nauliza kama kitu chenyewe au kiti kinaweza kuhama.

Woka ya magurudumu manne

Hii yenye breki kwenye vishikio, kikapu na kiti cha kupumzikia ndiyo inayowavutia wengi, na ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi ikichaguliwa ovyo. Inaonekana ni woka iliyoboreshwa, kumbe inamfaa mtu mwingine kabisa. Anayefaidika nayo ni yule ambaye mizani yake bado nzuri ila anachoka: mwenye moyo au mapafu dhaifu, au ambaye mgongo humuuma akisimama wima muda mrefu na hupata nafuu akiinama mbele kidogo. Anatembea, anakaa kwenye kiti chake mwenyewe, anapumua, anaendelea. Kikapu kinambebea vitu, kwa hiyo mikono imeshikwa lakini mzigo unasafiri. Kwa safari za nje ya nyumba, kwa mtu wa namna hiyo, sijaona cha kuishinda.

Lakini haiegemewi. Mtu anayehitaji kuulaza uzito wake kwenye kifaa akipewa hii, itamkimbia. Breki zinataka vidole vyenye nguvu, na mwenye baridi yabisi ya mikono huenda asiweze kuzibana. Zinataka pia kumbukumbu: kabla ya kukaa, funga breki zote mbili, geuka, hisi kiti kwa nyuma ya miguu, ndipo ukae. Anayesahau hatua ya kwanza anakaa hewani. Wala mzee asikae juu yake asukumwe kama yuko kwenye gari, maana haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Halafu ni pana. Inaweza kufika mpaka mlango wa choo ikabaki nje, na mzee akamaliza hatua tatu za mwisho, zile zenye sakafu ya majimaji, bila kitu.

Kiti cha magurudumu

Hapa mikono inarudi. Kikombe kinakaa kwenye trei ya mapajani, kitabu kinasomwa, mboni za macho haziko sakafuni tena kuhofia kila hatua. Nimewaona watu waliokataa kiti kwa miaka wakidhani ndio mwisho wao, na siku walipokikubali kwa safari za mbali wakarudi kwenye mikutano na misiba na furaha za watu wao, mahali walipokwisha kusahaulika. Kutumia kiti kwa mbali na woka kwa ndani siyo kushindwa. Ni mpango mzuri, na ningependa watu wengi zaidi waambiwe hivyo mapema.

Tofauti kubwa iko kati ya viti viwili vinavyofanana. Kimoja kina magurudumu makubwa ya nyuma yenye duara la kushika, mwenyewe anajiendesha. Kingine kina magurudumu madogo manne, lazima asukumwe. Cha pili ni chepesi na ni rahisi kukunja, kwa hiyo familia hukipenda. Lakini fikiria: katika kile cha kwanza, mzee akitaka kusogea dirishani anasogea. Katika cha pili, anaomba. Kama mikono yake ina nguvu yoyote, nunua chenye magurudumu makubwa, hata kama mara nyingi utakuwa unamsukuma. Aliyepooza upande mmoja anaweza kujiendesha kwa mkono mmoja na mguu mmoja, mradi kiti kiwe chini kiasi cha kisigino kugusa sakafu vizuri.

Kiti kimtoshe kama nguo. Kikizidi sana upana wa nyonga, anainamia upande mmoja na magurudumu yanakuwa mbali na mikono. Bila mto mzuri, ngozi ya makalio hupata vidonda vya mgandamizo, ambavyo huanza na wekundu au weusi usiokwisha na huweza kumlaza mtu miezi. Anayekaa muda mrefu ajinyanyue au ajiegemeze mbele na kando kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, na mtu amkague ngozi kila siku. Kabla ya kuinuka, breki zifungwe na vikanyagio vya miguu vikunjwe kabisa. Wengi hukanyaga kikanyagio kimoja na kupinduka pamoja na kiti.

Nyumba nayo lazima ipimwe. Pima kiti pahali kilipo kipana zaidi, ongeza nafasi ya vidole vyake, kisha nenda kwenye mlango mwembamba kuliko yote, ambao kwa kawaida ni wa choo. Kugeuka mzunguko mzima kunataka nafasi ya takriban sentimita 150. Mteremko wa kuingilia uwe wa 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180, siyo ubao mfupi uliolazwa kwa haraka.

Kiti pia kinachukua kitu polepole. Miguu isiyotumika hudhoofu, na katika uzee hudhoofu haraka. Kama anaweza kusimama hata dakika moja, asimame mara kadhaa kwa siku akiwa ameshika kitu imara. Shirika la Afya Duniani linashauri walio na miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, na kuinuka na kukaa kitini ni zoezi kamili, siyo maandalizi ya zoezi.

Chooni, ambako vyote hufikia mwisho

Hapa ndipo ninapowaomba watu wakae zaidi. Simama na mzee chooni na ufuate mikono. Amefika na woka. Lazima ageuke, ashushe nguo, akae, ajisafishe, ainuke, apandishe nguo, anawe. Katika dakika hizo fimbo inaanguka sakafuni, woka iko upande usiofikika, kiti hakikuingia. Hakuna kifaa cha kutembelea kinachotatua choo. Kinachosaidia ni ukuta.

Chuma cha kushikilia kilichofungwa imara ukutani, upande wa mkono wenye nguvu, kinafanya kazi ambayo miguu minne ya woka haiwezi. Kifungwe kwa ajili ya kubeba uzito wa mtu. Chuma cha taulo siyo kishikio. Kitang'oka siku anapokihitaji. Kiti cha choo kikiinuliwa kwa sentimita chache, magoti hufanya kazi ndogo sana, na kwa wengine hilo tu linatosha kuondoa hitaji la kusaidiwa. Pale choo kinapokuwa cha kuchuchumaa, kiti imara chenye tundu kinawekwa juu yake. Nguo za chini ziwe za mpira kiunoni, maana kifungo kimoja kigumu kinaweza kumfanya mtu mzima achelewe na aaibike.

Usiku ni sura nyingine. Njia ya kutoka kitandani iwe na taa, na kama ni ndefu, kiti chenye ndoo kando ya kitanda au chupa ya haja ndogo ni chaguo la busara kwa saa hizo tu. Mama alikataa mpaka nilipomwambia kwamba mchana ataendelea kwenda chooni kama kawaida. Alichohofia ilikuwa kwamba tunamfungia chumbani.

Kuoga, jambo moja: akae. Kiti cha kuogea kisichoteleza kinairudisha mikono yote miwili kwenye sabuni, na sponji yenye mpini mrefu inafika miguuni bila kuinama. Kuvaa vilevile, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda nyayo zikiwa chini, mkono mgonjwa ukiingia kwanza kwenye nguo na kutoka mwisho.

Nikiulizwa moja kwa moja

Maumivu upande mmoja na mkono wa pili haujaanza kutafuta ukuta: fimbo, iliyopimwa. Miguu yote miwili dhaifu, au ameshaanguka mara moja, na maisha yake mengi ni ndani: woka ya magurudumu mawili, na vitu vya kila siku vihamie anapokaa. Anatembea vizuri ila pumzi haimfikishi: ya magurudumu manne, baada ya kuhakikisha mwenyewe kwamba anakumbuka breki. Hawezi kufika mbali kwa njia yoyote, au kila safari inamwacha hoi siku nzima: kiti cha kujiendesha kwa nje, na kifaa chake kilekile cha kutembelea, fimbo au woka, kwa ndani. Ukisitasita kati ya viwili, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo na mwendo) au wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku) atamwona akitembea na kukuambia kwa dakika chache jambo ambalo familia ingelijadili miezi.

Popote utakaponunua au kuazima, omba kukijaribu nyumbani. Usimjaribishe mzee kwenye sakafu pana ya dukani. Mjaribishe kati ya kitanda chake na choo chake, saa ile anayoamka usiku, akiwa na viatu vyake vya ndani na usingizi machoni. Na kila mwezi pindua fimbo au woka utazame mipira ya chini. Ikiwa mistari yake imelika na kuwa laini, ibadilishe siku hiyohiyo.